Santuri Zilizoivia Darini

Msicheke kabla sijamaliza, maana nawajua, nikifika katikati tu mtaanza kugongana viwiko. Kisa hiki sijawahi kukisimulia mbele za watu, si kwa kuwa nimesahau (ningependa sana kusahau), ila wahusika wenyewe walikuwa bado hai, na kila tulipokutana harusini au msibani hakukosekana mmoja wa kuniangalia kwa jicho la pembeni na kuniuliza, "Vipi, yule binti mvivu wa Kibosho hajambo?" na mimi hapo natamani ardhi ipasuke inimeze. Sasa wametangulia wote, Mungu awapumzishe, nimebaki mimi na mume wangu, na yeye hatasema kitu kwa sababu anajua chai ya nyumba hii inachemshwa na nani.

Kwanza mnielewe nilivyo. Mimi ni mtu wa kushuku, nimezaliwa hivyo, marehemu mama alisema hata maziwa nilikuwa nayanusa kwanza kabla ya kunyonya. Mtu akinisalimia mara mbili siku moja najiuliza huyu anataka nini, padre akihubiri habari za wivu nageuka kuona anamtazama nani, na mwenye duka akinizidishia sukari siendi nyumbani kwa furaha, naenda nikiwaza ameweka nini humo. Na miaka ile ya usichana wangu, mwanzoni mwa miaka ya sabini, ilikuwa miaka mizuri kwa mtu wa namna yangu, kwa sababu kila mtu alikuwa anamshuku mwenzake kama mimi. Vijana walikuwa wanasimama njiani na chupa ya soda, suruali yako isipopitisha chupa inachanwa hapo hapo, wasichana wa sketi fupi wanarudishwa makwao wanalia, na yakaja maneno kwamba hata muziki wa soul umepigwa marufuku. Wengine walisema ni Dar es Salaam tu, wengine nchi nzima, wengine walisema ukikutwa na santuri yake unapelekwa kulima kijiji cha mbali mpaka utubu. Uhakika hakuwa nao mtu, na ukienda kuuliza ili uupate, unashukiwa kwa nini unauliza.

Mimi nilikuwa nafanya kazi Moshi mjini kwenye duka la Mzee Nurali, Mhindi wa Kiismailia, mtu mpole, mwembamba, aliyekuwa anauza redio, betri, sindano za gramafoni na santuri. Kazi yangu ilikuwa kufuta vumbi na kuhudumia wateja, lakini chumba cha nyuma kulikuwa na gramafoni ya kujaribia, na Mzee Nurali mwenyewe, mchana wateja wakipungua, alikuwa anafunga mlango wa kati na kuweka soul. Ndugu zangu, nilikuwa sijawahi kusikia kitu cha namna ile. Mimi mtoto wa Kibosho, nimekua na nyimbo za kanisani kwa Kilatini na ngoma za mavuno, halafu unaletewa baba mmoja mnene kwenye jalada la rangi ya chungwa, jasho linamtoka, anaimba utafikiri mke amemfungia mlango na mvua inanyesha. Kiingereza chake nilikuwa sikielewi hata robo, lakini kwamba amekosa, na kwamba anajua amekosa, hilo nililielewa siku ya kwanza.

Na mkiniuliza leo msikilize ipi kwanza, nitawaambia anzeni na huyo wa jalada la chungwa, upande wa pili, msianze na upande wa kwanza, kwa sababu upande wa kwanza anajifanya mwanamume, upande wa pili ndio anaomba. Halafu ile ya dada watatu waliovaa magauni ya kufanana, ukiwaona unadhani ni wanafunzi wa kipaimara, mpaka yule wa katikati afungue mdomo. Halafu ile yenye kinanda kizito cha kanisani na tarumbeta nyuma, isiyo na mtu anayeimba kwa muda mrefu mpaka unachoka kusubiri, na ukishachoka ndipo anaingia. Hiyo ya mwisho ndiyo ilikuwa yetu. Nasema yetu, mimi na Eli.

Eli alikuwa fundi wa mashine kwenye kiwanda cha kukoboa kahawa pale mjini, mtu wa Masama, mrefu, maneno machache, Mlutheri (mimi Mkatoliki, hilo mliweke kichwani). Alikuja dukani kununua sindano ya gramafoni yake ndogo ya betri. Jumamosi iliyofuata akaja kununua nyingine. Jumamosi iliyofuata tena. Hakuna sindano duniani inayoisha kila Jumamosi, nikashuku, na kwa mara moja maishani nilishuku vizuri. Ikafika mahali Mzee Nurali anatuachia chumba cha nyuma, anakaa mbele mwenyewe anajifanya anapanga betri, na sisi tunasikiliza ile ya kinanda bila kusema kitu, na siku moja ikiwa inaisha Eli akaniambia kwamba kwao wameshajua, na kwamba anataka tuoane. Moyoni nilikubali kabla sindano haijainuka. Nilimtaka yule mtu kuliko kitu chochote, nawaambieni wazi sasa kwa sababu wakati ule nilimwambia "nitafikiria".

Basi ukafika wakati Mzee Nurali akafunga duka. Watoto wake walikuwa wameshaenda Kanada, naye akawa anawafuata. Siku ya mwisho akanipa boksi lenye zile santuri za chumba cha nyuma, zote, akasema akizibeba zitavunjika na akiziacha zitachukuliwa na mtu asiyezijua, halafu akaangalia mlangoni na kuongeza kwa sauti ya chini, "Lakini binti, usimwonyeshe mtu." Ni hilo tu. Angesema kwaheri akanyamaza, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia leo.

Eli alisema zikae kwake, ana chumba karibu na kiwanda, kikavu, kina kufuli. Mtu mwenye akili angekubali. Mimi nikawaza, mbona anazitaka zote? Mbona hakusema hata tugawane? Nikamwambia hapana, nitakaa nazo mwenyewe. Huo ndio uamuzi ulioniponza, mdogo kabisa, niliufanya nikiwa nimesimama barabarani na boksi kichwani. Nikazifunga kwa kanga, nikapanda nazo gari la Kibosho, waliouliza nikawaambia ni vioo vya dirisha, na nikaziingiza chini ya kitanda changu nyumbani kwa baba. Baba yangu, Mzee Deogratias, alikuwa balozi wa nyumba kumi na pia mwenyekiti wa parokia. Kama kulikuwa na nyumba moja mlima mzima ambayo santuri za soul hazikutakiwa kukutwa, ni ile.

Wiki haijaisha nikaanza kusikia habari za mwanamke mgeni. Mama Prisila, jirani yetu wa chini, aliniambia kuna mama amepita kwake anatafuta miche ya migomba, lakini miche hakuitazama hata kidogo, alikuwa anauliza habari za watu. Habari za nani? Za kwetu. Familia ya balozi ikoje, wanaishi vipi na majirani, kuna ugonjwa, kuna deni, yule binti anayefanya kazi kwa Mhindi anarudi saa ngapi, anabeba nini. Aliposema "anabeba nini" mawazo yangu yote yakaenda chini ya kitanda. (Baadaye nilimuuliza Mama Prisila kama kweli yule mama aliuliza ninabeba nini, akasema hakumbuki, labda aliongeza mwenyewe ili habari inoge.) Na jambo la pili, Kichagga chake kilikuwa cha Machame. Nyinyi mnajua sisi wa Kibosho na watu wa upande ule, tulikuwa tunashukiana tangu enzi za mababu, tukichomeana nyumba na kuibiana ng'ombe. Nikajua tu, huyu ametumwa.

Jumamosi alasiri nikawa naosha mizigo ya majani ya ng'ombe kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa maji unaopita juu ya kihamba cha baba, shamba letu la migomba. Nimefunga kilemba kichafu, gauni limejaa matope hadi magotini. Nikasikia mtu anashuka taratibu. Mama wa makamo, mnene kidogo, viatu mkononi, macho yanazunguka kila mahali. Nikamsalimia, shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akakaa kwenye jiwe akapumua, akasifu maji, akasifu migomba, akasifu hali ya hewa. Mimi mtu akisifu vitu vitatu mfululizo najua cha nne ndicho alichokifuata.

"Mwanangu," akasema, "hapa kwa balozi si ndipo anapokaa yule binti wa dukani? Ni binti wa namna gani?"

Swali hilo! Mjinga yeyote aliyezaliwa mlimani, hata mlevi wa mbege aliyelala njiani, ukimwamsha ukamuuliza mama mgeni anayeulizia binti wa watu kando ya maji ametumwa kufanya nini, atakwambia bila kufungua macho. Ndivyo wachumba wanavyochunguzwa kwetu, kimya kimya, binti haambiwi ili asijitengeneze. Nililijua hilo tangu nikiwa mtoto. Lakini siku ile kichwa changu chote kilikuwa ndani ya boksi chini ya kitanda. Nikaona njia ni moja tu, nimwambie huyo binti hayupo, na hata angekuwepo hana maana, ili asije akaingia nyumbani kupekua.

Nikaanza. Nikasema mama, huyo binti usijisumbue naye. Nikasema ni mvivu, haamki mpaka jua liunguze bati. Nikasema kazini amefukuzwa. Nikasema ana hasira za ajabu, aliwahi kumpiga bibi yake na mtungi. (Bibi zangu walikuwa wamefariki kabla sijazaliwa, wote wawili.) Nikaona anasikiliza vizuri, hajanikatiza, basi uongo ukawa mtamu, nikasema hata mtori hajui kupika, wageni wakija wanapewa maji ya ndizi. Na mwisho nikasema isitoshe hayupo kabisa, ameshakwenda Tanga kwa mwanamume mwenye wake wawili. Yule mama akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema pole kwa wazazi wake. Nikasema kwa kweli ni msalaba wao.

"Na wewe unaitwa nani, mwanangu?"

"Maria," nikasema.

Na kabla mate hayajanikauka, mama yangu akaita kutoka kihambani kwa sauti ile ya kuita mbuzi, "Filomena! Filomena!" na mimi, kwa mazoea ya miaka yote, nikaitika kwa nguvu, "Abee mama!" Nikageuka kumtazama mgeni. Alikuwa ameinama anaosha tope mguuni, polepole, kidole kwa kidole. Nikasema moyoni, afadhali, hakusikia, pengine masikio yake ni mazito. Akavaa viatu, akanishukuru, akaondoka zake kuelekea chini.

Sikungoja. Chini ya kitanda hapakufaa tena. Nikakimbia jikoni. Mnajua majiko yetu ya zamani, nyumba ya peke yake, mafiga katikati, na juu yake dari la miti pale tunapokaushia kuni na kuivishia ndizi. Mama alikuwa amepandisha mikungu mingi kwa ajili ya mbege ya kipaimara cha mdogo wangu, imefunikwa majani makavu, na moto chini haukuwa unazimwa mchana wala usiku ili ziive kwa haraka. Nikaona hapa ndipo, nani atapekua ndizi za mbege? Nikapanda na boksi, nikalisukuma katikati kabisa, nikalifunika vizuri. Nikashuka nimetulia, na kwa kweli nilijisifu.

Jumamosi iliyofuata nikashuka mjini kumwona Eli tulipozoea kukutana, hakutokea. Iliyofuata pia. Sasa hapo mtu mwingine angewaza labda anaumwa. Mimi nikawaza hivi: santuri zile anayejua ninazo ni Mzee Nurali, yuko Kanada, na Eli. Yule mama aliongea Kimachame. Eli anatoka upande uleule. Zinatakiwa na nani? Alizitaka nani? Nikaona yote yanaungana. Jumatatu saa ya chakula nikaenda moja kwa moja kwenye lango la kiwanda.

Nje ya lango walikuwa wamekaa wale akina mama wa kuchambua kahawa, wengi, kwenye magunia, wanakula. Eli akatoka, amekonda kidogo, akasema twende pembeni. Nikasema siendi pembeni popote, tuongelee hapa hapa watu wasikie. (Kwa nini nilisema hivyo, mimi mwenyewe sijui hadi leo.) Nikamwambia nimejua kila kitu, kwamba amenichongea, kwamba amemtuma mtu wa kwao kuja kunipekua, na kwamba mwanamume mzima haoni haya kumtumia mama mtu mzima. Wale akina mama wakaacha kutafuna.

Eli hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Yule ni Shangazi Anaeli," akasema. "Alikuja kukuulizia, kama inavyofanywa. Amerudi na majibu, na baba amesema jambo limeisha. Filomena, ni kweli ulimpiga bibi yako na mtungi?"

Akaendelea kuyataja yote, moja baada ya jingine, taratibu kama anavyoongea siku zote: uvivu, kufukuzwa kazi, mtori, Tanga, yule mwanamume wa wake wawili. Kila alichotaja nilikitambua, maneno yangu mwenyewe, na mpangilio wangu mwenyewe. Akasema hajaamini, lakini ameambiwa aliyesema ni msichana wa pale pale, jirani wa karibu, aliyeonekana anamfahamu vizuri sana. Akasema Jumapili inayokuja ukoo wanakaa kwa Shangazi baada ya ibada, kuna binti wa kwaya amependekezwa, na akikataa tena ataonekana anamdharau baba.

Mama mmoja kwenye magunia, mkubwa, kanga mbili kiunoni, akauliza kwa huruma kabisa ni nani huyo jirani mwenye roho mbaya kiasi hicho, wakamfuate. Wengine wakaitikia, ndiyo, atajwe. Nilitazama lango, nikatazama viatu vya Eli.

"Ni mimi," nikasema.

Mmoja akarudia, anasema ni yeye, na kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika mpaka stesheni ya reli. Walilia kwa kucheka. Mmoja alilala kwenye gunia. Na wiki nzima baada ya hapo kila nikipita mjini kuna mtu ananiuliza kama mtungi ulivunjika.

Nikapanda nyumbani, nikamwambia mama yote, kuanzia boksi. Mama alikaa kwenye kigoda, akanyamaza muda mrefu, nikadhani anaomba. Kumbe alikuwa anachagua pa kuanzia. "Ulimwambia kwamba hujui kupika mtori?" akauliza. Santuri hakuzitaja, uongo hakuutaja, Tanga hakuitaja, ila mtori, kwa sababu msichana asiyejua mtori ameharibiwa na mama yake, na sasa Masama nzima inamjua yeye kama mama wa namna hiyo. Mpaka anaingia kaburini hilo hakunisamehe vizuri.

Akasema nilete hicho nilichokuwa nakificha hata nikajiuza kwa bei hiyo. Nikapanda darini. Majani nikayafunua, ndizi zimeiva vizuri sana, za njano, zinanukia. Boksi limelainika. Nikatoa ya kwanza, ya baba wa jalada la chungwa, nikaona imejikunja kama bakuli. Ya pili, dada watatu, bakuli. Nyingine ilikuwa inapinda kama sikio la ng'ombe. Zote ziliiva pamoja na ndizi. Ile ya kinanda, kwa kuwa ilikuwa chini kabisa imebanwa na wenzake, ndiyo iliyobaki na umbo la santuri, ingawa nayo ilikuwa imepanda upande mmoja. Nilikaa darini na moshi machoni nikalia kwa sauti, na sikuwa nalilia santuri peke yake.

Baba akaingia akakuta bakuli nyeusi zimepangwa sakafuni. Akaokota moja, akaigeuza, akauliza ni nini. Nikasema ni santuri, baba. Akauliza ni za dini? Nikasema kuna mahali wanamtaja Bwana. Balozi wetu akaiweka chini taratibu, akamwambia mama, "Kachume isale."

Isale ni jani tu la mpakani, kila kihamba kinalo, lakini kwetu ukimkosea mtu ukamwendea na isale mkononi hana ruhusa ya kukufukuza, lazima akusikilize. Jumapili mimi na mama tukateremka mpaka barabara kuu, tukapata gari, halafu tukapanda tena Masama, mimi na isale mkononi, na chini ya kwapa ile santuri ya kinanda, na kila aliyetupita njiani aliliona lile jani akajua kuna mtu kaharibu. Wengine walitusimamisha kutupa pole na kuuliza ni kosa gani. Mama aliwajibu kwamba ni habari ndefu.

Tulikuta ukoo mzima uwanjani, wazee kwenye viti, akina mama upande wa pili, Eli amesimama karibu na mlango kama mtu anayesubiri daktari. Nikapiga magoti mbele ya Shangazi Anaeli, nikamnyooshea isale. Akalipokea. Akamtazama kila mtu ili kuhakikisha wanamsikiliza (huyu mama alikuwa na tabia zangu kabisa, niligundua baadaye), akaniuliza, "Wewe ndiye Maria?"

Nikasema hapana, mimi ndiye yule mvivu. Uwanja ukacheka, hata mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamka kuuliza kumesemwa nini, wakamrudishia, akacheka peke yake. Nikaeleza kila kitu mbele yao, marufuku, boksi, Mama Prisila, kila kitu. Nilipomaliza Shangazi akasema kwamba alijua tangu palepale mfongoni. Alisema masikio yake hayana kasoro yoyote, alisikia Filomena na akasikia abee, na mguu aliuosha muda mrefu kwa sababu alikuwa anajizuia asicheke.

"Kazi yangu ilikuwa kuleta maneno, nikayaleta yote," akasema. "Jina la aliyeyasema ndilo nililobaki nalo. Nilitaka nione kama atakuja mwenyewe kulitaja, au atamwacha huyu kijana aoe kwingine."

Baba yake Eli akamgeukia dada yake kwa hasira, akamuuliza amewezaje kumkalisha mtoto wake wiki tatu bila kula. Shangazi akasema kijana hajafa. Halafu akanigeukia mimi, akasema sasa anataka kusikia hicho kitu kilichomfanya binti wa watu ajipake matope namna ile. Eli akaingia ndani akatoka na gramafoni yake ya betri.

Sindano ikapanda ule mlima wa upande mmoja, ikateremka, ikapanda. Kinanda kikaanza kulia kama mtu anayebembea, kinakwenda juu, kinashuka, tarumbeta zinalegea kisha zinajikaza, na yule mwimbaji alipoingia hatimaye, sauti yake ilikuwa inazama na kuibuka. Wazee walisikiliza kwa heshima zote. Yule aliyekuwa amesinzia akauliza, "Huyu anaumwa nini?" na mtu wa kwanza kucheka alikuwa Eli, na alicheka huku machozi yanamtoka, ndipo nikajua nimesamehewa.

Shangazi hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema irudiwe.

Tulioana mwaka uliofuata, baada ya padre na mchungaji kuvutana kwanza mpaka wakachoka. Siku nilipopelekwa Masama kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kupika mtori mbele ya akina mama wote, wameketi wananitazama mikono. Ile bakuli ya baba wa jalada la chungwa Shangazi aliomba apewe, akawa anawekea mayai, na kila nilipokwenda kwake aliniwekea mezani makusudi. Na mimi niliapa, na nimelishika hilo hadi leo, kwamba mgeni akiniuliza habari za mtu yeyote, hata awe adui yangu, namuuliza kwanza ametumwa na nani, na asiponijibu namwambia mtu huyo ni malaika.

Juzi hapa mjukuu wangu alikuja kutoka Dar, akaniambia Bibi siku hizi nyimbo zote zimo humu kwenye simu, nitajie moja. Nikamwelezea ile ya kinanda. Akahangaika, akaipata, akaiweka kwa sauti. Ilikuwa safi, imenyooka, tarumbeta zimesimama pale pale zinapotakiwa. Babu yake alikuwa nje anapogoa migomba, akasimamisha panga, akasikiliza.

"Mwambie azime," akasema. "Huo sio."

Na kweli, haukuwa wenyewe.